Usimlaumu Mbuta Peke Yake: Ziwa Letu Lilianza Kutibuka Kabla Yake

Wasee, ukinunua tanki la samaki kwa mara ya kwanza, kuna asubuhi utaamka ukute maji yamekuwa meupe kama yameoshewa mchele. Mimi nilipanik. Nikamwaga maji yote, nikasugua filta chini ya bomba mpaka ikang'aa, nikarudisha samaki. Siku tatu baadaye sikuwa na samaki hata mmoja.

Kumbe ule ukungu ungeisha wenyewe. Na kwenye ile filta niliyoiona chafu ndimo walimoishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Klorini ya bomba iliwamaliza. Nililaumu maji, kumbe kosa lilikuwa langu, na lilianza na chakula kingi nilichokuwa nikimwaga kila siku.

Hapa Kisumu tunasimulia historia ya ziwa vilevile. Tunatafuta wa kulaumu ndani ya maji: ati mbuta alikula samaki wetu, halafu gugumaji likaja likafunga bandari, basi ziwa likaharibika. Kuna ukweli hapo. Lakini hebu tuangalie tarehe.

Reli ilifika Kisumu 1901. Nyavu za kutoka Ulaya zikaingia 1905, na samaki wakaanza kusafirishwa mbali. Kufikia 1927 ngege walikuwa wamepungua kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilimleta Michael Graham kuchunguza uvuvi wa ziwa zima. Enzi hizo, ukishusha kisahani cheupe kwenye maji ya katikati ya ziwa, ulikiona mpaka kikapita mita 5. Kufikia miaka ya 1990 kilikuwa kinapotea kati ya mita 1 na 3. Ndani ya Ghuba ya Winam, ambako maji ni ya kina kifupi na mito inamwaga tope, mara nyingi hata mita 1 hakifiki.

Sasa, mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na hakuongezeka sana mpaka karibu 1980. Lakini mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na Dirk Verschuren walichapisha walichosoma kwenye matope ya sakafu ya ziwa, ambayo hujipanga tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari. Mwani ulikuwa umeanza kuongezeka tangu miaka ya 1930. Yaani miaka ishirini kabla mbuta hajatia mkia humu! Wao waliuhusisha na ongezeko la watu na kilimo kwenye nchi kavu inayozunguka ziwa.

Ukitaka kuelewa, rudi kwenye tanki. Maji ya kijani maana yake mwani umepata chakula kingi. Maji ya kahawia maana yake udongo umeingia. Ziwa letu lina yote mawili. Miteremko ikilimwa na miti ikikatwa, mvua inashusha udongo na fosforasi kupitia mto Nyando. Ongeza maji taka ya mji, na hapo mwani unakula kila siku bila kufunga.

Mbuta naye ana fungu lake. Aliwamaliza fulu, wale samaki wadogo ambao wengi wao walikuwa wanakula huo mwani na takataka za chini. Halafu fulu uliweza kumwanika juani, lakini mbuta ana mafuta mengi, lazima umkaange au umkaushe kwa moshi. Kuni hizo zilitoka kwenye miti ileile iliyokuwa inashika udongo.

Na maji yakitibuka, hata waliopona meno ya mbuta hawako salama. Upande wa Tanzania, kwenye Ghuba ya Mwanza, kuna fulu anayeitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, punda milia, na ndiyo, Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu, na dume la jamaa yake ni la buluu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha 1997 kwamba maji yakiwa mazito majike hawatofautishi rangi, wanazaa na yeyote, na aina mbili zinageuka moja. Leo kuna watu Ulaya na Marekani wanamfuga nyererei sebuleni kwenye maji safi kuliko ya kwao alikotoka. Hiyo inaniuma.

Lakini nenda Siaya, ziwa dogo la Kanyaboli. Ngege wa asili, aliyekaribia kutoweka ziwa kuu, bado yuko pale. Mbuta hakufika, na mafunjo ya kinamasi cha Yala yanazunguka maji hayo yakishika tope kabla halijaingia. Hiyo ndiyo filta yenyewe. Sehemu ya kinamasi hicho ilianza kukaushwa kwa ajili ya mashamba tangu miaka ya 1960.

Kwa tanki, dawa ni rahisi: punguza chakula, badilisha robo tu ya maji, na filta isuuze kwa maji ya tanki lenyewe. Ziwa huwezi kulibadilisha maji. Kinachobaki ni kupunguza kinachoingia na kuacha filta ifanye kazi.

Ndiyo maana tukienda ufuoni kuokota chupa za plastiki na kupiga picha, mimi pia nikiwemo, halafu tukanyamaza mafunjo ya Dunga yakifyekwa na kufukiwa, tunasugua filta chini ya bomba. Na sehemu ya maji ya mji huu huvutwa hapo hapo Dunga. Safari hii walio ndani ya tanki ni sisi.