Ungo wa klasi ya tano: historia fupi ya kaye ya mwanafunzi huku kwetu

Ndugu wasomi wa Kasongo na Kabambare, pamoja na ninyi mlio mbali kwa ajili ya masomo au kazi, leo tuongee juu ya kitu kidogo: kaye ya mtoto wa klasi ya tano ya primeri.

Ukiifungua utaona mwandiko mzuri. Tarehe iko kwa Kifaransa, kichwa cha somo kimepigwa mstari na bike nyekundu, na maneno yote yamekopiwa kutoka ubaoni bila kosa. Halafu mwambie huyo mtoto akueleze kwa maneno yake kile alichoandika. Wengi wananyamaza. Wazazi wanasema watoto wa siku hizi ni wavivu, walimu wanasema wazazi hawafuatilii. Kabla ya kutafuta wa kulaumu, tuangalie historia, maana jambo hili lilianza zamani kabla watoto hawa hawajazaliwa.

1. Walioandika kabla ya shule ya Mzungu

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kusoma na kuandika kulifika huku pamoja na Wabeleji. Sivyo. Kabla yao, Kasongo na Nyangwe zilikuwa na vyuo ambako watoto walifundishwa Korani na herufi za Kiarabu. Watu wa pwani kama Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Biashara ile iliwaumiza sana mababu zetu, hatuwezi kuipaka rangi nzuri. Lakini pamoja na bunduki na minyororo, karatasi nayo ilifika. Wakubwa wa Kasongo na Nyangwe waliandikiana barua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya karatasi hizo zimehifadhiwa Ubeleji mpaka leo. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapishwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Kabambare nayo ina habari yake. David Livingstone alikwama pale miezi mingi katika mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Katika vitabu vyake mji huo unaitwa Bambarre. Katika safari ile ya Maniema karatasi na wino vilimwishia. Akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa rangi ya mmea wa huku. Hakukosa cha kuandika kwa sababu ya kukosa kaye.

Barua za wakubwa na daftari la msafiri vinafanana kwa jambo moja: mtu alishika kalamu kwa sababu alikuwa na neno la kusema. Tulikumbuke hilo tunaposhuka mpaka kwenye klasi.

2. Chaki na jembe

Mwezi wa 4 mwaka 1893 Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis. Baadaye wamisionari wakafika. Tarehe 26/5/1906 serikali ya Leopold II ilipatana na Vatikani: misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua mashule, na kati ya masomo lazima kuwe na kilimo na kazi za mikono.

Basi tangu mwanzo "kazi ya mwanafunzi" ilikuwa na maana mbili: ile ya kibao na ile ya jembe. Mwaka 1917 sheria ya mazao ya lazima ilitoka, na Maniema ikawa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba. Jembe la shambani la shule na jembe la baba kijijini yakawa yanaelekea upande mmoja. Hakuna aibu katika kujua kulima, sisi sote tumekula mpunga wa mikono hiyo. Shida ilikuwa kwamba mtu mwingine aliamua mapema ni mtoto gani ataishia hapo.

Programu ya 1929 iligawa primeri sehemu mbili: miaka 2 ya kwanza, kisha miaka 3. Lugha ya kufundishia ilikuwa lugha ya wenyeji, kwetu Kiswahili. Kifaransa kilikuwa somo tu, tena si kila mahali. Msaada wa pesa ulikwenda kwa misioni za Kikatoliki za Kibeleji. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita vikuu vya pili. Na chuo cha Waislamu wa Kasongo, chenye umri kuliko mashule hayo yote, katika hesabu za Leta hakikuwa shule.

3. Ungo wa 1948

Mwaka 1948 mageuzi mengine yakaja, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Baada ya miaka 2 ya kwanza, watoto walitenganishwa. Wengi waliingia sehemu ya kawaida, miaka 3, yenye masomo ya kumtayarisha mtu kurudi kijijini. Wachache walichaguliwa kwenda sehemu nyingine, miaka 4, ambako Kifaransa kilipewa nafasi kubwa na mwaka wa mwisho ulitayarisha sekondari.

Mnajua mama anavyopepeta mchele kwa ungo: mchele huku, makapi kule. Hapa waliopepetwa walikuwa watoto wadogo, wengine hata meno ya utotoni hayajaisha kutoka. Waliobaki katika Kiswahili, Kiswahili chao hakikuwapeleka popote. Nadhani hapo ndipo yalipotoka mawazo tuliyo nayo hata leo, kwamba anayejua Kifaransa ana akili na anayeeleza jambo kwa Kiswahili hakusoma.

4. Ungo ukaingia ndani ya klasi

Baada ya uhuru wa 1960, Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia kwa watoto wote. Nia haikuwa mbaya: kile walichopewa wachache, sasa kila mtoto akipate. Lakini vitabu na walimu waliozoea Kifaransa havikutosha kwa inchi nzima. Halafu uasi wa 1964 ukapita huku. Miaka ya 1970 Leta ikarudisha lugha za taifa katika klasi za chini. Miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilianguka, wazazi wakaanza kulipa prime. Vita vya 1996 mpaka 2003 vikatawanya wanafunzi na walimu tena. Mwaka 2019 primeri ya bure, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, ikaanza kutekelezwa, na mabenchi yakajaa.

Leo sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa katika shule. Mtoto anaanza na Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi, na uzito wote unamwangukia katika klasi za juu: sehemu, kanuni ya tatu, mzunguko wa damu, historia ya inchi, vyote kwa Kifaransa. Na katika vijiji vingi vya Kabambare, mtoto aliyekulia katika Kibangubangu au Kibuyu, hata Kiswahili alikikuta njiani.

Mwalimu afanye nini mbele ya klasi iliyojaa? Anaeleza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa, watoto wanakopi. Mwisho wa klasi ya sita jaribio la Leta linakuja, na maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Mtoto anaweza kumaliza primeri bila kutunga hata sentensi kumi zilizo zake. Kwa hiyo anayekopi si mvivu. Amejibu sawasawa lile analoombwa. Ungo ule wa 1948 haukuvunjwa, uliingizwa tu ndani ya klasi.

5. Sasa je?

Wako wanaosema Kifaransa kiondolewe. Hapana. Sekondari, chuo kikuu, hata barua ya kuomba kazi, vyote viko kwa Kifaransa. Kumnyima mtoto wa kijiji lugha hiyo ni kumrudisha katika sehemu ya kawaida ya 1948. Wengine wanasema Kifaransa tu, tangu siku ya kwanza. Hilo tulilijaribu baada ya uhuru, na matunda yake ndiyo tunayoyaona.

Njia ninayoiona mimi ni mtoto afikiri na kuandika kwanza kwa lugha anayoimiliki, halafu abebe wazo lake mpaka kwenye Kifaransa. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini bei ya kilo 7 za mchele inatoka kwenye bei ya kilo 3, huyo ameelewa kanuni ya tatu. Limebaki neno tu. Asiyeelewa, hata akikopi kanuni kwa Kifaransa safi, kesho atasahau.

Tusingoje Kinshasa. Likizo hii, kila mmoja wetu atakayerudi nyumbani achukue watoto wawili wa klasi ya tano au ya sita. Wamuulize babu au bibi jambo moja la zamani: shamba la pamba, shule ya misioni, mwaka wa vita. Waandike sentensi kumi kwa Kiswahili. Usishike bike nyekundu mpaka wamalize. Kisha mkae pamoja kuzigeuza kwa Kifaransa. Inahitaji karatasi mbili na saa moja chini ya mwembe.

Livingstone aliandika juu ya gazeti kuukuu pale Kabambare kwa sababu alikuwa na la kusema. Watoto wetu nao wanalo. Nani yuko tayari kuanza, na katika kijiji gani? Andikeni hapa chini tujuane.