Kabla ya Mashine Kulikuwa na Mtu wa Nairobi

Siku hizi ukikaa na wahadhiri dakika tano tu utasikia kilio kile kile: wanafunzi hawaandiki tena, anawaandikia "yule wa kwenye simu". Asaimenti ya kurasa kumi inakamilika kabla chai haijachemka. Na kila anayelalamika anazungumza kana kwamba mwanafunzi wa chuo alianza kutafuta wa kumwandikia tarehe 30 Novemba 2022, siku ile ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma.

Jamani, si kweli. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana historia ya jambo hili inapita hapa hapa Afrika Mashariki, na katika mijadala mingi ninayoisikia kipande hicho kinarukwa.

Tuanzie Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika miji ya vyuo kama Boston, zilikuwepo kampuni zinazouza insha waziwazi kabisa, zikijitangaza kwenye magazeti ya wanafunzi. Unalipa kwa ukurasa, unaondoka na kazi yako imechapwa vizuri. Jimbo la New York likatunga sheria ya kuzipiga marufuku. Biashara haikufa, ilibana tu pumzi. Intaneti ilipokuja katika miaka ya 1990 ikafufuka na nguvu mpya, na zaidi ya hapo mwanafunzi sasa aliweza kunakili bure bila kumlipa mtu yeyote. (Sisi tuliopita vyuo vya Tanzania tunalo neno letu kwa mambo haya, wala sihitaji kulieleza: kudesa.)

Jibu la vyuo lilitoka Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1990. John Barrie na wenzake walitengeneza mfumo ambao leo tunaujua kama Turnitin. Kazi yake ni rahisi kuielewa: unaipa insha ya mwanafunzi, inailinganisha na mamilioni ya maandishi iliyonayo, inakuonyesha sentensi zipi zimetoka wapi. Mnakiliaji wa kizamani akanaswa.

Lakini hapo ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo sidhani kama wengi waliitarajia. Kama mashine inanasa kilichonakiliwa, basi kitu pekee kisichonaswa ni insha mbichi, iliyoandikwa upya, na mtu hai, kwa ajili ya mwanafunzi mmoja tu. Kwa maneno mengine, mfumo wa kuzuia udanganyifu ulimpandisha bei mwandishi wa kukodi! Mwaka 2006 watafiti wawili wa Birmingham, Robert Clarke na Thomas Lancaster, walichunguza tovuti ya kukodi watengeneza programu, wakakuta wanafunzi wameweka asaimenti zao pale na watu wanashindana kutaja bei kama mnadani. Wakaupa mchezo huo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita udanganyifu wa mkataba.

Sasa basi. Mtu huyo hai, anayejua Kiingereza cha chuo, mwenye digrii, asiye na kazi na aliye tayari kulipwa kidogo, angepatikana wapi?

Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliwashwa, ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia kwa njia ya chini ya bahari. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS nao ukafika Mombasa. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, na wanaokumbuka intaneti kafe za wakati ule wanajua maana yake: unafungua ukurasa mmoja, unaenda kununua karanga, unarudi bado unafunguka. Baada ya mikongo, kijana wa Nairobi mwenye kompyuta ya mkononi iliyochoka akawa karibu na mwanafunzi wa Ohio kuliko alivyokuwa karibu na ofisi yoyote ya ajira mjini kwake.

Na vyuo vya Kenya vilikuwa vinamwaga wahitimu kila mwaka. Kazi ikaota mizizi, wenyewe wakaiita tu "uandishi wa kitaaluma". Wenye akaunti nzuri kwenye tovuti za nje walipata oda nyingi kuliko walizoziweza, wakawagawia wengine na kujikatia chao. Mwanafunzi wa Marekani anakabidhiwa asaimenti jioni, Nairobi ni usiku wa manane. Akiamka asubuhi kazi iko kwenye barua pepe yake. Septemba 2019 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu kuhusu biashara hii na kuionyesha Kenya kama moja ya ngome zake. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars ya Eloise King, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, anapokwenda kuonana na waandishi hao.

Hebu fikiria jambo lenyewe. Mtu anasoma uuguzi leo, kesho falsafa ya Wagiriki, keshokutwa sheria ya mikataba ya Uingereza. Anaelewa, anaandika, anapata alama A. Halafu A hiyo inabandikwa jina la mtu mwingine, ambaye ataitumia kupata kazi ambayo mwandishi wetu asingeitwa hata kwenye usaili. Mimi siwezi kuitakasa kazi hii. Muuguzi aliyeandikiwa insha zake zote siku moja atashika sindano, na mgonjwa hataulizwa kama anakubali. Ila nakataa pia kumwita mwandishi wa Nairobi mwizi na kuishia hapo. Aliyekuwa na uwezo alikuwa yeye, na soko la dunia lilikubali kuutumia uwezo huo kwa sharti moja tu, kwamba asionekane.

Serikali za wateja zilipoamka zilianza kutunga sheria. Ireland mwaka 2019, Australia 2020, na Aprili 2022 England nayo ikafanya kuwa kosa kuwauzia wanafunzi huduma hiyo. Miezi saba baadaye ikaja ChatGPT.

Hapa ndipo mkasa unapokolea. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba ili mashine hiyo isiropoke matusi na ukatili, OpenAI ilikuwa imetumia kampuni ya Sama, ambayo iliajiri vijana Nairobi kusoma na kuwekea alama maandishi machafu kuliko yote: ubakaji, mateso, kujiua. Malipo mkononi yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo upande mmoja wa jiji kuna vijana wanaishi kwa kuandika insha za wanafunzi wa nje, na upande mwingine kuna vijana wanaisafisha mashine itakayoandika insha hizo hizo. Hata Aprili 2023 haijaisha, habari zilikuwa zimeshaandikwa za waandishi wa Kenya wanaolalamika kuwa oda zimekauka.

Niwe muungwana kwa wanafunzi pia, maana si wote wanaotafuta wa kuwabebea mzigo. Taasisi ya HEPI ya Uingereza iliwahoji wanafunzi 1,041 na kutoa matokeo mwaka 2025: asilimia 88 walikuwa wametumia akili mnemba katika kazi zinazopewa alama. Mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 53. Lakini ukisoma kwa makini, matumizi makubwa ni kueleweshwa dhana ngumu na kufupishiwa makala. Waliosema wameingiza maandishi ya mashine moja kwa moja kwenye kazi zao ni asilimia 18. Mwanafunzi anayemuuliza mashine saa nane usiku swali aliloona aibu kumuuliza mhadhiri mbele ya watu mia tatu, huyo mimi simlaumu hata chembe.

Ninacholalamikia ni namna vyuo vinavyomtafuta mwenye kosa. Yamekuja mashini mapya ya kudai kutambua maandishi ya akili mnemba. OpenAI wenyewe walitoa la kwao Januari 2023, wakaliondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu halikuwa sahihi vya kutosha. Watafiti wa Stanford wakajaribu zana saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliambiwa zimeandikwa na mashine! Insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote bila shida.

Sababu inaeleweka. Zana hizo hupima kama maneno yanayofuatana yanatabirika. Na sisi tuliofundishwa Kiingereza kwa kiboko na kitabu cha sarufi, tukaambiwa kila aya ianze na "moreover" na kila insha iishe na "in conclusion", tunaandika kwa kutabirika kwa sababu ndivyo tulivyopewa alama. Kijana wa Tabora aliyepata nafasi ya kusoma Ulaya, akaandika insha yake mwenyewe kwa jasho lake, ndiye mwenye hatari ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Waandishi wa Nairobi nao hawakuondoka wote. Waliobaki wengi wana kazi mpya: wanapokea insha iliyoandikwa na mashine, wanaipitia mstari kwa mstari, wanavunja sentensi zilizonyooka mno, wanaingiza kosa dogo hapa na pale, mpaka isomeke kama imeandikwa na mtu. Malipo bado ni kwa ukurasa, ila ni madogo kuliko zamani.