Ramadhani Mombasa: Form ya Usiku kwa Msee wa Manyatta

Kama umekulia Manyatta, pale Embu, unajua form ya usiku: choma, tei na muguka. Sasa panda gari hadi Nairobi, uunganishe na SGR au basi hadi Mombasa mwezi wa Ramadhani, uone mtaa ukikesha bila chupa. (Muguka iache nyumbani. 2024 kaunti ya huko ilijaribu kuipiga marufuku.)

Mchana Mji wa Kale umepoa na vibanda vingi vya dishi vimefungwa, so usitembee ukitafuna. Jioni karai zinatoka nje: sambusa, bhajia, viazi karai na ukwaju, kaimati zinang'aa shira. Hapo usisukumane. Aliye mbele yako hajaonja hata maji tangu alfajiri, na adhana ya magharibi ni saa 12 na nusu hivi. Mpishe. Ukipewa tende, pokea, sema shukran.

Kisha mitaa inanyamaza ghafla. Usirudi kulala! Usiku wenyewe unaanza watu wakitoka tarawehe. Mishkaki iko motoni, muhogo unapakwa pilipili na ndimu, wazee wako barazani na kahawa tungu ya dele, kikombe kidogo, kashata kando. Sisi tunachuma kahawa halafu tunakunywa chai, manze.

Ukisikia ngoma kabla ya alfajiri, usidhani ni sherehe: watu wanaamshwa wale daku.

Cheki kalenda kabla ya kukata tiketi. Kila mwaka Ramadhani huja mapema kwa siku 10 au 11.