Mpishi wa Meth Huhama, Sumu Hubaki

Wasee wengi wa rika langu wanaijua meth kupitia Breaking Bad. Maabara safi, vyombo vinang'aa, mwalimu wa kemia anaongea kama profesa. Poa, ni filamu. Lakini historia ya kweli ya meth ya kupikwa nyumbani haina hiyo swagga. Ni historia ya majiko machafu, watoto waliougua na wapangaji walioachiwa sumu na mtu hawajawahi kukutana naye. Mimi chuo sikumaliza, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo nipe dakika tano.

Dawa yenyewe ni nzee kuliko shosho wako. Mwaka 1893, mwanakemia Mjapani, Nagai Nagayoshi, aliitengeneza kutoka kwa efedrini. Mwaka 1919, Mjapani mwingine, Akira Ogata, akaipata ikiwa fuwele. Mwaka 1938, kampuni ya Temmler ikaanza kuiuza Ujerumani kama vidonge vya Pervitin, na vita vilipoanza wanajeshi wa Hitler wakapewa ili wasilale. Japani pia walikuwa na yao, Hiropon. Vita vikaisha, uraibu ukaenea mtaani, na mwaka 1951 serikali ya Japani ikaipigia sheria.

Cheki kitu kimoja hapo. Vidonge hivyo vya vita vilitoka kwa viwanda. Aliyeumia zaidi ni yule aliyevimeza.

Marekani ndiko mambo yaligeuka. Miaka ya 1990, upishi ulienea kwa nyumba za watu, kwa sababu pseudoefedrini iliyo ndani ya dawa za kawaida za mafua inaweza kugeuzwa kuwa meth. Watu wakapika kwa trela, vyumba vya moteli, hadi kwa buti za magari. Jimbo la Missouri lilikuwa kati ya yaliyoathirika vibaya zaidi. Mwaka 2004 peke yake, nchi nzima ilirekodi matukio zaidi ya 20,000, ukihesabu maabara, vifaa na mahali taka zilitupwa.

Sasa sikia vile nyumba inageuka. Upishi unatoa mvuke wa asidi, gesi kama fosfini ambayo inaharibu mapafu, na chembechembe za meth yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa National Jewish huko Denver, wakiongozwa na John Martyny, walifanya majaribio ya kupika ndani ya majengo halisi wakishirikiana na polisi, ili wapime hewa na kuta. Walipata kwamba dawa haikai jikoni. Inasambaa kwa vyumba vingine, inashika kuta, zulia, nguo. Sasa fikiria mtoto anayetambaa kwa hilo zulia, kisha anatia vidole mdomoni. Huyo hajaonja meth, hajui hata jina lake, na bado ilipatikana mwilini mwa watoto waliotolewa kwa nyumba kama hizo.

Na moto je? Kemikali za kuwaka haraka ndani ya chumba kidogo ni bomu. Baadaye wengine walipika ndani ya chupa za plastiki, chupa zikalipuka mikononi. Wodi za majeraha ya moto zikajaa wagonjwa, wengi wakiwa hawana bima, bili zikaangukia hospitali na walipa kodi. Polisi na wazima moto walioingia bila vifaa vya kujikinga nao waliumwa na macho na kifua.

Halafu kuna taka. Idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani, DEA, ilikadiria kwamba kila kilo moja ya meth inaacha kilo 5 hadi 6 za taka zenye sumu. Mpishi hawezi kuita gari la takataka. Anamwaga kwa sinki, kwa choo, kwa mtaro, msituni. Udongo unakula, mto unakunywa, na anayesafisha kando ya barabara anaokota chupa asijue imebeba nini.

Mwaka 2006 sheria mpya ilianza kazi: dawa za pseudoefedrini zikawekwa nyuma ya kaunta, unaonyesha kitambulisho na jina lako linaandikwa. Maabara zikapungua sana, ingawa hazikuisha, na uzalishaji mkubwa ukahamia Mexico. Lakini nyumba hazikuhama. Kuna familia zilinunua nyumba safi kwa macho, rangi mpya, kisha watoto wakaanza kuumwa kichwa na kukosa pumzi. Ndiyo maana majimbo kadhaa yalilazimisha mwenye nyumba kusema ukweli kuhusu historia yake, na mwaka 2009 shirika la mazingira, EPA, likatoa mwongozo wa kusafisha.

Lakini hofu nayo ina historia yake. New Zealand walichukua kipimo kilichokusudiwa nyumba zilizokuwa maabara, wakakitumia hata pale ambapo mtu alivuta tu. Wapangaji wa nyumba za serikali wakafurushwa. Mei 2018, mshauri mkuu wa sayansi, Peter Gluckman, akasema wazi kwamba mabaki madogo ya uvutaji hayajathibitishwa kumdhuru anayeishi humo. Shirika la nyumba likaomba msamaha na kuwalipa fidia. Maskini walikuwa wameshalala nje kwa sababu ya kipimo kilichotumiwa vibaya.

Kwangu mimi, hizo stori mbili zinasema kitu kimoja. Mwenye faida huondoka mapema, na bili hubaki na asiye na nguvu: mtoto, mpangaji, mtu wa takataka, mto. Kwa hivyo mtu akikuambia "si ni maisha yake, mwache apike", muulize jirani anapumua hewa ya nani. Na mtu akitaka kumfurusha mama na watoto juu ya uvumi, muulize vipimo viko wapi na vinapima nini.