Mahali pa Kukaa Mtumbwini

Katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ndiko unakoanza mto Ruvuma. Hapo chanzoni ni vijito vyembamba tu, ambavyo havina maji ya kuelezea hata gogo. Lakini maji hayo hukusanya mito mingine njiani, hupokea mto Lugenda utokao upande wa Msumbiji, na baada ya mwendo wa maili 500 hivi huingia katika Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa milima hiyo, safari ya siku chache kwa miguu, liko Ziwa Nyasa. Basi mtu asimamaye Matogoro yu kati ya maji ya namna tatu: mto, ziwa na bahari; na katika kila maji watu wamechonga chombo cha namna yake. Twapenda kueleza jambo moja la vyombo hivyo, ambalo limewapa wengine raha na limewaletea wengine msiba, nalo ni mahali pa kukaa.

Huenda msikilizaji akauliza, Je, habari ya kiti nayo ni historia? Twajibu ya kwamba ndiyo. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Mvuvi akaaye tangu alfajiri hata adhuhuri, magoti yamegusa kidevu na maji yamelowesha nguo, ana haja kubwa ya kukaa vizuri; na kwa muda wa karne nyingi haja hiyo imeshindana na haja nyingine iliyo kubwa zaidi, yaani kufika salama.

Mtumbwi wa gogo moja ni chombo cha zamani sana katika nchi zetu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki, alitunga kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus. Humo alitaja kisiwa cha pwani yetu alichokiita Menouthias, ambacho wataalamu wengine hudhani ni Pemba, wengine Unguja, na wengine Mafia. Alisema ya kwamba watu wa huko walikuwa na mashua zilizoshonwa kwa kamba, na mitumbwi ya gogo moja ya kuvulia samaki na kasa. Kwa hiyo kazi ya shoka na tezo ambayo wachonga mitumbwi wameirithi ina umri wa miaka 1,900 na zaidi.

Sasa tutazame shida yenyewe. Mti ni wa mviringo, na mtumbwi uliochongwa humo mara nyingi huwa na tumbo la mviringo pia. Mwaka 1746 mtaalamu wa Kifaransa, Pierre Bouguer, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa hesabu jinsi chombo kinavyosimama majini. Katika chombo cha mviringo maneno yake ni mepesi kufahamika. Hata kiinamishwe vipi, nguvu ya maji ikisukumayo juu hupita katikati ya duara ya gogo. Uzito wote, wa chombo na wa watu, ukiwa chini ya hapo katikati, mtumbwi ukiinama hurudi wenyewe. Uzito ukiwa juu ya hapo, mtumbwi ukiinama huendelea kuinama mpaka umepinduka.

Tuchukue mfano. Gogo lina upana wa inchi 24. Basi katikati ya duara ni inchi 12 kutoka chini. Mtumbwi huo mdogo una uzito sawa na wa mtu mzima mmoja, na uzito wake umekusanyika kiasi cha inchi 5 kutoka chini. Mtu aketipo, uzito wake hukusanyika karibu na kitovu, yaani kiasi cha shibiri moja, au inchi 9, juu ya mahali alipokalia. Akikaa sakafuni juu ya majani, tuseme inchi 2 kutoka chini, uzito wake u katika inchi 11. Wastani wa 11 na 5 ni 8. Kutoka 8 hata 12 nafasi ipo ya kutosha.

Mtu huyo akijitengenezea kiti kilicho juu zaidi kwa inchi 6, uzito wake umepanda hata inchi 17, na wastani wa 17 na 5 ni 11. Bado mtumbwi utasimama, lakini kwa inchi moja tu, tena katika maji matulivu. Sasa rafiki yake aingie, akae juu ya kiti cha pili kama hicho. Wastani wa 17, na 17, na 5 ni 13. Inchi 12 zimekwisha kupitwa, na mtumbwi utawamwaga wote wawili. Hapo ndipo palipo hatari yenyewe: kiti kilekile kilichomfaa mmoja asubuhi chaweza kuwazamisha wawili jioni, wala hakuna mtu aliyegusa ubao hata mmoja.

Wazee wa zamani hawakuandika hesabu hizi, lakini walizijua kwa mikono na kwa miili yao, na katika kila maji walipata jawabu lao.

Jawabu la mtoni ni kukaa chini. Mto kama Ruvuma una mchanga mwingi na vina vichache wakati wa kiangazi. Mwaka 1861 Dr. Livingstone aliingia mtoni humo na meli yake Pioneer, akaenda maili 30 hivi tu, kwa sababu meli ilihitaji kina kikubwa kuliko alichokikuta. Mwaka 1862 alirudi na mashua, akafika kiasi cha maili 156, mpaka miamba ikamzuia. Katika maji kama hayo mtumbwi mwembamba hupita mahali pasipopita chombo kipana, kwa hiyo fundi hawezi kuupanua apendavyo. Abiria huchuchumaa au hukaa sakafuni, na mwenye upondo peke yake husimama, naye amelizoea jambo hilo tangu utoto. Maji makali hayasamehe. Mwezi wa Novemba 1860, katika maporomoko ya Kebrabasa ya mto Zambezi, mtumbwi wa Dr. John Kirk, mwenzake Livingstone, ulitupwa mwambani. Mwenyewe aliokoka, lakini madaftari yake na picha za mimea alizozichora zilipotea. Huyu ndiye Kirk ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Waingereza huko Unguja, wakati Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini.

Jawabu la ziwani ni la namna nyingine. Katika Ziwa Nyasa, ambako mawimbi huinuka kwa ghafula, mafundi walichonga mtumbwi mnene wenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Mdomo huo huyazuia mawimbi yasiingie. Lakini mara nyingi ni mwembamba hata mtu hawezi kukaa ndani, bali hukaa juu ya ukingo na kuitia miguu ndani. Kwa hesabu yetu mtu huyo amekaa juu mno. Je, haanguki kwa nini? Kwanza, gogo ni zito, na uzito wake umebaki chini. Pili, miguu yake iliyoning'inia ndani humshika kama mpanda punda. Tatu, mwili wake hucheza pamoja na wimbi. Mgeni akikaa hapo bila mazoea huanguka upesi.

Jawabu la baharini ni ngalawa. Watu wa pwani walichukua mtumbwi mwembamba, wakaufunga miti miwili ya kukingama iitwayo matengo, na katika ncha zake wakatia mbao ziitwazo mirengu, moja kila upande. (Matengo haya, wasikilizaji wa Songea, si jamaa zetu Wamatengo wa Mbinga, ni jina tu lililolingana.) Chombo kikiinama, mrengu wa upande ule husukumwa na maji na kukizuia. Wataalamu wengi huona ya kwamba akili hiyo ilivuka bahari pamoja na mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini mashariki, ambao jamaa zao walikaa Bukini. Kwa msaada wa mirengu, mtu wa ngalawa aweza kukaa juu na hata kutweka tanga.

Waganda nao walipata njia ya nne. Mashua zao za mbao zilizoshonwa, ambazo Stanley aliziona mwaka 1875 katika Ziwa Viktoria, zilikuwa pana, na wapiga makafi walikaa wawili wawili juu ya mbao za kukingama. Upana ndio uliowapa viti.

Basi twaona ya kwamba kiti hakipatikani bure. Atakaye kukaa juu hana budi kulipa kwa upana, au kwa mirengu, au kwa uzito uliowekwa chini. Asiyeweza kulipa na akae karibu na sakafu.

Lakini raha haitoki katika kimo peke yake. Katika mtumbwi wetu wa mfano, ubao ulioinuliwa vidole vinne tu, yaani inchi 3, huwaacha watu wawili katika inchi 11, nao hukaa pakavu. Juu yake pawekwe kipande cha jamvi. Nyuma patiwe egemeo la mgongo, na mbele kijiti cha kukanyagia. Vitu hivyo huondoa maumivu wala havimwinui mtu. Ubao uegemee juu ya vipande vilivyofungwa ndani, ukingo usitobolewe ukapasuka. Mizigo ilazwe sakafuni. Na kabla ya kwenda mbali, mtumbwi ujaribiwe katika maji ya kiuno, watu wote wakiwa ndani pamoja na mizigo yao, maana tumeona ya kwamba jaribio la mtu mmoja haliwi ushahidi kwa wawili.

Fundi aombwaye kiti na aulize kwanza maswali mawili: upana wa mtumbwi ni kiasi gani, na watakaa watu wangapi? Akiisha kujibiwa, ndipo achukue msumeno.