Kabla ya Kisu: Historia ya Uvimbe Turkana

Kivimbe cha mafuta hakiumi. Hukaa chini ya ngozi ya bega au mgongo, laini kama unga uliokandwa ukapumzishwa, na ukikibonyeza kwa kidole kinateleza. Mtu huweza kuishi nacho miaka ishirini. Kero yake ni ndogo lakini ni ya kila siku: mzee wa Kiturkana mwenye nundu kisogoni hapati raha ya kulaza kichwa juu ya ekicholong, kigoda cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto.

Kukitoa si kazi kubwa. Sindano ya ganzi, mkato mfupi, kisha kidole cha daktari kinakitenga na nyama iliyokizunguka hadi kitoke kizima, cha manjano kama samli iliyoganda. Nyuzi chache, na mgonjwa anaondoka kwa miguu yake. Dawa ya ganzi inayotumika zaidi, lidokeini, iliundwa na Nils Löfgren nchini Sweden mwaka 1943, na bila ganzi ya namna hiyo watu wangevumilia nundu zao hadi kaburini.

Lakini Lodwar na Kakuma, miji ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, si mahali pa kukimbilia kisu. Huku uvimbe huulizwa kwanza una nini ndani, na swali hilo limelipiwa kwa maisha ya watu.

Mwaka 1958 daktari J. R. Wray aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mafuko ya maji yanayoota ndani ya miili ya watu nchini Kenya. Chanzo chake ni tegu mdogo wa mbwa. Mbuzi akichinjwa, ini lenye mafuko hutupiwa mbwa. Tegu hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi, hunasa kwenye manyoya, kisha huingia kinywani mwa binadamu. Turkana maji ni ya kuchimbwa mchangani, mbwa hulala na watu ndani ya awi, boma la familia, na ndiye aliyezoea kumlamba mtoto mchanga hadi awe safi. Mapenzi hayo ndiyo yaliyokuwa mlango wa ugonjwa. Mwaka 1982 French na Nelson walionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana watu wapatao 220 katika kila 100,000 walikuwa wakipasuliwa kila mwaka kwa ugonjwa huu, kiwango cha juu mno duniani.

Mafuko mengi hukaa kwenye ini na mapafu. Mara chache, fuko huota kwenye misuli au chini ya ngozi, mahali pale pale pa kivimbe cha mafuta, nalo pia haliumi. Hapo ndipo hatari. Ukikata mafuta kwa bahati mbaya, umekata mafuta tu. Ukitoboa fuko likamwaga maji yake mwilini, shinikizo la damu la mgonjwa laweza kuporomoka palepale mezani, na chembe za tegu zilizomwagika huota mafuko mapya.

Na waliopaswa kupasua walikuwa mbali. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa kwa watu wa nje, ya mbali kiasi kwamba Waingereza walimhamishia Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959 ili kumtenga na watu wake. Baada ya njaa ya 1961 wamisionari Wakatoliki waliingia, na masista wa Medical Missionaries of Mary wakaanza tiba Lorugumu. Ndege nazo zilileta wapasuaji. Huduma ya madaktari warukao ilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, watatu hao wote wapasuaji wa kurekebisha maumbile, mabingwa wa ngozi na makovu.

Mwaka 1983 AMREF, shirika lililotokana na huduma hiyo ya madaktari warukao, ilianza kupambana na tegu wenyewe: mbwa walipewa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, wengine wakapunguzwa, na wachungaji wakafundishwa kuzika viungo vyenye mafuko. Timu zilibeba mashine za altrasaundi hadi maboma ya wahamahamaji. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko kisu chochote, maana kwa mara ya kwanza mama aliyeishi siku kadhaa za mwendo kutoka hospitali alionyeshwa kilichomo tumboni mwake bila kukatwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 mbinu ya kutoboa fuko kwa sindano, kulinyonya, kulitia dawa ya kuua chembe na kulinyonya tena ilizaliwa Tunisia, nayo ikafika Turkana. Albendazoli, dawa ya minyoo ya kumeza, ikawa mwenzake.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, pembezoni mwa mto mkavu wa Tarach, watu kutoka Sudan walikuja na vimbe zao, na baadhi walitoka maeneo ya wafugaji wenye mbwa na tegu walewale.

Kwa hiyo mpasuaji anayeijua historia hii hupaka jeli baridi begani kwanza. Mafuta huonekana kwenye skrini kama mistari myeupe iliyolala sambamba na ngozi. Maji ni duara jeusi, na fuko likizeeka utando wake hukunjamana na kuelea ndani kama jani la yungiyungi. Akiona mistari, hapo ndipo anapovuta lidokeini kwenye bomba la sindano.