Kasoro Isiyo Upungufu: Historia ya Nyaya za Atomu na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Istilahi ya kisayansi hubeba historia ya dhana yake. Makala haya yanaichunguza istilahi moja, *kasoro*, kwa kufuatilia historia ya nyaya za atomu, yaani safu za atomu zilizojipanga mstari mmoja juu ya uso wa fuwele.

Nadharia ilianza na waya usio na dosari. Katika kitabu chake cha mwaka 1955, Rudolf Peierls alieleza kwamba safu ya metali yenye kipimo kimoja haiwezi kudumu ilivyo katika baridi kali: atomu zake husogeleana, kwa mfano mbilimbili, na waya huacha kupitisha umeme kama metali. Mwaka 1981, karibu na Zürich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walibuni hadubini ya ncha iliyowezesha atomu mojamoja kuonekana, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1999, Han Woong Yeom na wenzake waliripoti badiliko la aina hiyo katika nyaya za indiamu juu ya silikoni, zilipopozwa hadi takribani nyuzi 145 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hata hivyo, hadubini ilidhihirisha pia kwamba waya halisi haukosi dosari. Pana mahali atomu imekosekana, na pana mahali atomu ngeni imejipachika. Katika bamba, elektroni huweza kukizunguka kizuizi. Katika waya haina mchepuko, hivyo atomu moja hugusa tabia ya sehemu kubwa ya safu. Isitoshe, atomu ngeni hazina athari moja: katika nyaya za indiamu, haidrojeni hushusha halijoto ya badiliko, ilhali oksijeni huipandisha.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katika matumizi ya kila siku, *kasoro* ni upungufu. Ndiyo maana tunasema saa tatu kasoro robo. Maana hiyo inaafiki atomu iliyokosekana, lakini inapotosha pale oksijeni inapoongezwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kila kasoro ni hitilafu ya kuondolewa hataelewa kwa nini watafiti huiingiza kwa makusudi.

Tunapendekeza *kasoro* ibaki istilahi jumla, na chini yake ziwepo *pengo* kwa atomu iliyokosekana na *atomu ngeni* kwa iliyoongezeka. Vyombo vya usanifishaji katika nchi zetu vikubaliane mapema kuhusu mgawanyo huo, kabla vitabu vya kiada havijaimarisha maana pungufu.